Kubadilisha mpira wa turbo uliojificha chini ya injini ya dizeli

Mteja akija na Nissan Navara D40 akilalamika kwamba gari halivuti, linafuka moshi mweusi mlimani, na ameshaambiwa anunue turbo mpya (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), mimi kwanza humuuliza: ukikanyaga mafuta unasikia upepo ukifoka? Akijibu ndiyo, tunaanza na mipira, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha hewa ya turbo. Turbo ni ghali, mpira si ghali.

Kwenye gari hili intakula (kipoza hewa) iko mbele, nyuma ya bampa. Hewa inatoka kwenye turbo, inashuka hadi intakula ikapoe, kisha inarudi kuingia kwenye injini. Mpira unaoteseka zaidi ni ule wa kwanza, kabla ya intakula, kwa sababu hewa yake gari likiwa na mzigo mlimani inaweza kupita nyuzi 100. Ongeza mvuke wa oili unaotoka kwenye bomba la kupumulia la injini, ongeza na mtikisiko. Mpira unalainika, unavimba, unachanika. Na ukichanika, mara nyingi ni upande wa chini, usikoonekana. Dizeli nyingine zenye intakula ya mbele zina shida hiyohiyo, na kazi yake ni ileile.

1. Thibitisha kabla ya kununua

Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, turbo haisukumi hewa ya maana, hivyo kumwagia mpira maji ya sabuni wakati huo hakutakuonyesha kitu. Tafuta kwanza alama ya oili iliyochanganyika na vumbi. Pale palipolowa ndipo hewa inapotokea. Kisha bonyeza na kukunja mpira kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ufa ukifunguka kama mdomo, umeshapata jibu.

Usipoona kitu, ziba bomba la kuingizia hewa kwenye turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, halafu jaza hewa ya kompresa taratibu hadi nusu ya bar (kipimo cha presha). Usizidishe. Hapo sasa maji ya sabuni yatatoa povu.

2. Nunua mpira sahihi

Nenda dukani na namba ya chesisi, siyo picha tu. Kuna watu wanaokata mpira wa rejeta na kuufunga hapa. Usikubali: mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji, oili inaulainisha, na utapasuka tena ukiwa katikati ya mlima Kitonga na mzigo nyuma. Mpira wa silikoni ni mzuri kwa joto, ila hakikisha una utando wa ndani wa kuzuia oili. Usio na utando huo hutoka jasho la oili hadi nje. Nunua na klipu mpya (vibano vya kukazia ncha za mpira).

3. Fungua njia, usipigane na mkono

Hapa ndipo watu wanapopoteza mchana mzima. Anasimama juu ya injini, anapenyeza mkono kati ya mabomba, anachubuka, klipu haifikii. Acha. Injini ipoe kabisa, inua gari, liweke juu ya stendi imara (jeki peke yake usiiamini ukiwa chini), ondoa kinga ya chini ya injini, toa tairi la upande ambao mpira unapita, kisha ondoa plastiki ya ndani ya bawa la tairi. Inaonekana ni kazi ya ziada, lakini utakuta klipu zimekaa mbele ya macho yako.

Klipu ambayo bado huioni, ipige picha kwa simu ili ujue kichwa chake kimeangalia wapi. Soketi ndogo yenye kiunganishi kirefu kinachopinda inafika mahali ambapo bisibisi haifiki.

4. Toa mpira wa zamani

Weka alama ya rangi kuonyesha ulivyokaa. Legeza klipu zote mbili, zungusha mpira kushoto na kulia hadi uachie. Ukigoma, uchane kwa kisu kwa urefu wake, lakini kisu kisiguse bomba: alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja utavujisha hewa daima.

Ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, ncha ikining'inia nje. Kitambaa kidogo kikisahaulika humo, kitaishia kuziba intakula.

Utando mwembamba wa oili ndani ni wa kawaida. Ukikuta oili imetuama kwenye intakula, imwage yote kabla ya kuendelea. Dizeli inaweza kuivuta ikaichoma kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe, na kuzima swichi kusiisimamishe.

5. Funga mpya

Safisha midomo ya mabomba hadi ikauke. Kulainisha kwa oili ili mpira uteleze ni kujitafutia safari ya pili, maana utachomoka turbo ikisukuma. Tumia tone la maji ya sabuni, litakauka lenyewe.

Valisha klipu kwenye mpira kabla hujaupandisha, vichwa vyake vikitazama upande ambao spana inafika. Sukuma mpira upite ule ukingo uliovimba wa bomba, kisha klipu ikae nyuma ya ukingo, siyo juu yake. Kwanza kaza kidogo ncha zote mbili, uache mpira ukae wenyewe bila kujisokota, hakikisha haugusi chuma chochote, ndipo ukaze kabisa. Kaza kwa kiasi. Klipu yenye matundu hukata silikoni.

6. Jaribu

Toa kitambaa kabla ya kuunga ncha ya mwisho, na usiwashe injini bomba likiwa wazi. Endesha kwenye mlima, gia ya tatu, ukanyage. Moshi upungue, mlio upotee. Injini ikipoa, kagua klipu tena, kwa sababu mpira mpya hulegea kidogo baada ya joto la kwanza. Taa ya injini ikibaki imewaka, futa kosa kwa mashine ya kusomea. Likirudi na mipira yote imekaza, hapo sasa tuzungumzie turbo.