Jinsi ya Kukadiria Gharama ya Kuongeza Adhabu za Ukahaba

Kabla ya kuwasilisha maoni kuhusu mswada wowote wa kuongeza adhabu, linganisha kwanza kifungo kilichopo na kinachopendekezwa, kwa kuwa Kifungu cha 49(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Mswada ukivuka kikomo hicho, mwanamke aliyekamatwa usiku katika Mtaa wa Koinange jijini Nairobi anaweza kukaa rumande muda mrefu kwa kukosa dhamana, hata kama hatimaye ataachiliwa huru, na gharama hiyo hulipwa na mlipa kodi.

Kisha fuatilia siku moja ya mshtakiwa: gari la polisi, seli, hakimu, karani, mkalimani, safari ya kutoka Gereza la Wanawake la Lang'ata hadi mahakamani Milimani, chakula, na askari wa kumlinda. Zidisha kwa idadi ya siku, ukiwajumlisha watoto wasiozidi miaka 4 wanaoruhusiwa kukaa gerezani na mama zao. Watoto wakubwa walioachwa nyumbani katika mtaa wa mabanda wa Mukuru hawamo katika bajeti ya magereza, lakini kuwaacha nje ya hesabu ni dhuluma.

Faini usiihesabu yote kuwa mapato, maana asiyeweza kuilipa hufungwa.

Takwimu ziombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21.