Krosi za hafu shafti za alumini: pima kwanza ndo ununue

Wakuu, hii ni kwa mwenye gari lenye hafu shafti (shafti fupi zinazopeleka nguvu kwenye kila tairi) za alumini ambazo kila ncha ina krosi, yaani kile kiungo cha umbo la msalaba kinachoiruhusu shafti izunguke ikiwa imejikunja, sio zile shafti za CV zenye buti za mpira. Mfano unaojulikana ni Chevrolet Corvette C4, modeli za 1984 mpaka 1996. Watu wengi wakisikia krosi imekufa wanataja jina la gari dukani, wanapewa boksi, wanaenda kugonga. Kwenye shafti ya chuma unaweza ukapona na tabia hiyo, kwenye alumini itakula kwako, manake ukiharibu sikio la shafti (ule mkono wenye tundu linaloshika krosi) huna krosi ya kukuokoa, unatafuta shafti nzima.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni krosi

Ukiingiza gia unasikia "tak", ukitembea polepole kuna kijisauti cha kulia kama ndege kinachofuata mzunguko wa tairi, na ukiingia chini unakuta unga mwekundu pembeni ya vikombe, vile vifuniko vya duara vyenye beringi kwenye ncha nne za krosi. Huo unga ni kutu ya beringi za sindano zilizokauka. Shika shafti kwa mkono, itikise juu chini na kuizungusha, ukiona mchezo wowote kwenye kikombe hiyo imekwisha. Wakati mwingine haina mchezo ila imekaza upande mmoja, ukiikunja inapita kwa kukwamakwama, nayo toa tu.

Hatua ya 2: shusha shafti kwa adabu

Hapa kuna kitu wengi hawajui. Kwenye C4 hafu shafti haizungushi tairi tu, yenyewe ndo mkono wa juu wa saspenshoni unaoshikilia tairi lisilale. Ukiitoa bila kuegemeza habu (sehemu ambayo tairi linafungwa), tairi linainama lenyewe. Weka gari kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi, egemeza habu halafu ndo ufungue. Piga alama ya rangi shafti irudi ilivyokuwa.

Na hiyo kazi ya saspenshoni inabadilisha hata uchaguzi wa krosi. Krosi ya propela (ile shafti ndefu ya katikati ya gari) inabeba nguvu ya kuzungusha tu, hii yako inasukumwa na kuvutwa kwa ubavu kila ukikata kona. Kikombe kikiwa na mchezo kidogo tu kwenye saklipu (kipete kinachokaa kwenye mfereji kuzuia kikombe kisitoke), tairi linabadilika pembe na gari linakuwa kama linaogelea nyuma. Ndo maana mimi krosi ambayo saklipu zake ni nyembamba kuliko mfereji siichukui, hata kama kila kitu kingine kinalingana.

Hatua ya 3: pima, usikisie

Chukua kalipa, kile kipimo cha taya cha milimita. Vipimo ni viwili: kipenyo cha kikombe, na urefu wa krosi kutoka mwisho wa kikombe kimoja mpaka mwisho wa kile cha upande wa pili. Kama saklipu zako zinakaa kwa nje ya sikio, ndo unapima hivyo, kama zinakaa kwa ndani basi unapima kutoka mfereji wa kikombe kimoja mpaka mfereji wa mwenzake, ukichanganya hizo njia mbili utapata namba ya ajabu isiyo kwenye katalogi yoyote.

Saizi ambazo utakutana nazo sana zinaitwa kwa seriesi:

1310: kikombe 27.0 mm, urefu 81.8 mm
1330: kikombe 27.0 mm, urefu 92.1 mm
1350: kikombe 30.2 mm, urefu 92.1 mm

Angalia vizuri hapo. 1310 na 1330 vikombe vyake ni sawasawa kabisa. Mimi hapo nilishaumia, nilipima kipenyo peke yake nikaona 27, nikanunua, nikabonyeza kikombe cha kwanza kikaingia kitamu kabisa, cha pili nacho, halafu saklipu zinakaa krosi inacheza katikati kama kengele maana ilikuwa fupi kwa sentimita nzima. Kosa langu mwenyewe, muuzaji alinipa nilichomwambia. Na 1330 na 1350 zina urefu mmoja, kwa hiyo ukipima urefu peke yake nako unaliwa.

Pima pia mhimili wote wa pili, yaani vikombe vya upande wa pili wa msalaba. Kuna krosi za mchanganyiko, vikombe viwili vya saizi moja na viwili vya nyingine, ukiangalia kwa macho hauoni tofauti.

Hatua ya 4: kagua masikio kabla hujatoa hela

Safisha tundu kwa kitambaa na brashi laini, msasa mkali acha. Chukua kikombe kilekile cha zamani kikiwa kisafi, jaribu kukisukuma na kidole gumba. Kikiingia kwa gumba, tundu limepanuka, shafti hiyo haina kazi tena. Usidanganywe kuchomelea. Alumini ya shafti ina ugumu uliopatikana kwa kupashwa moto kwa utaratibu, ukiipiga welding eneo lile linalainika na linabaki laini.

Tazama pia kama kuna unga mweupe. Hiyo ni alumini inaliwa. Chuma cha kikombe na alumini ya sikio vikikutana na maji ya chumvi vinakuwa kama kibetri kidogo, na kwenye hicho kibetri anayeliwa ni alumini. Gari linalotembea karibu na bahari au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu linapata shida hii mapema sana, mpaka kikombe kinang'ang'ania kama kimezaliwa humo.

Hatua ya 5: sasa chagua

Kwanza, tafuta krosi ambayo vikombe vyake vimepakwa koti la kuzuia kutu, zipo zinazotengenezwa makusudi kwa yoki (ule uma wenye masikio mawili) za alumini. Koti linatenganisha hivyo vyuma viwili. Hiki kwangu ndo kigezo namba moja.

Pili, ya nipo ya grisi (kile kichwa kidogo cha kupigia grisi) au iliyofungwa? Hapa watu wanabishana mpaka kesho. Krosi yenye nipo imetobolewa ndani ili grisi ipite, kwa hiyo msalaba una nyama pungufu, iliyofungwa ni chuma kizima na ina nguvu zaidi kwa saizi ileile. Kwa gari la barabarani mimi nachukua iliyofungwa, maana wengi tunaosema tutakuwa tunapiga grisi hatupigi. Ila kama unavuka maji mara kwa mara na kweli una bomba la grisi na unalitumia, ya nipo ina maana, kila ukipiga inasukuma maji nje. Ukichukua hiyo hakikisha nipo inafikika shafti ikiwa imefungwa, na uielekeze upande unaobanwa gari linapovuta mbele, sio upande unaovutwa.

Sili: toa kikombe kimoja dukani uone, mdomo mmoja mwembamba wa mpira achana nayo. Na saklipu ziwe mpya ndani ya boksi.

Hatua ya 6: kuingiza bila kuua shafti

Usigonge sikio la alumini kwa nyundo ya chuma. Tumia jiliwa na soketi, au ile presi ya C ya kutolea boljointi. Kama kikombe cha zamani kimegoma, pasha sikio kwa maji yanayochemka au hewa ya moto, moto wa gesi hapana. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa tundu la 27 mm kupanda nyuzi 80 kunakupa kama 0.05 mm, inaonekana ndogo ila kwenye kikombe kilichobana ni tofauti kubwa. Kikombe kipya kiweke kwenye friza kwanza. Paka grisi nyembamba nje ya kikombe, dawa ya kuzuia kukwama yenye shaba usitumie hapa, shaba na alumini ni maadui zaidi hata ya chuma.

Shikilia msalaba katikati wakati kikombe kinaingia ili sindano zikae wima. Saklipu ikikataa kuingia kwenye mfereji usiongeze nguvu, kuna sindano imelala chini ya kikombe, toa uipange upya.

Zikishaingia zote, kunja krosi kwa mkono pande zote. Ikiwa nzito upande mmoja gonga yoki taratibu kwa nyundo ya plastiki, kikombe kirudi kukaa kwenye saklipu. Bolti za vibano weka mpya, kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kitabu cha gari lako, na andika seriesi ya krosi kwa rangi juu ya shafti, siku ukirudi chini ya hilo gari hutahitaji kalipa.