Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusaini Mkataba wa Kusomeshwa Programu na Mwajiri

Kijana wa Kigoma au Tabora aliyemaliza chuo na kukaa nyumbani mwaka mzima akitafuta kazi, anapoambiwa kwamba kampuni itamfundisha kuandika programu za kompyuta kwa miezi kadhaa bila kumtoza ada, kwa sharti kwamba baada ya hapo aitumikie miaka miwili au mitatu, neno linalobaki kichwani mwake ni hilo la “bila ada”. Ada ipo. Atailipa kwa muda wake, na akiondoka kabla muda huo haujatimia atadaiwa kwa fedha. Sipingi mikataba hii, kwa sababu nimewaona vijana walioingia wakiwa hawajui hata kufungua faili la programu na wakatoka na kazi inayowalisha wao na wadogo zao. Ninachoomba ni kwamba mkataba usomwe kama unavyosomwa mkataba wa mkopo: deni ni kiasi gani, linaanza kupungua lini, na nani atalilipa ukishindwa.

Anza na kiasi. Mkataba utaje gharama ya mafunzo kwa tarakimu, na ueleze imetokana na nini: mkufunzi, malazi, nauli, kompyuta. Usikubali maneno kama “gharama zote zitakazobainishwa na mwajiri”, kwa kuwa hayo yanamwachia mmoja wenu kalamu ya kuandika deni la mwenzake baadaye. Hapa inafaa kukumbuka kwamba lugha za programu zenyewe haziuzwi. Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, na JavaScript, iliyoanza mwaka 1995, hutumika bila malipo, na yako masomo mazuri mtandaoni yasiyogharimu kitu zaidi ya bando. Kampuni inachokupa hasa ni mtu mwenye uzoefu wa kukusahihisha kila siku, kazi halisi ya kujifunzia, na posho ya kukuwezesha kukaa darasani. Hivyo vina thamani kubwa, lakini ni lazima uvione kwenye ratiba. Uliza utafundishwa na nani, saa ngapi kwa siku, na lugha gani. Mafunzo ya chombo kinachotumika ndani ya kampuni hiyo pekee hayatakusaidia mahali pengine, na si haki uyalipie kwa miaka mitatu.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni namna deni linavyopungua. Tuseme gharama ni shilingi 3,600,000 na muda wa kutumikia ni miezi 24. Mkataba wa haki utasema kwamba kila mwezi unaofanya kazi unafuta shilingi 150,000, kwa hiyo ukiondoka baada ya miezi 18 unabaki na deni la shilingi 900,000. Mkataba mbaya utasema kwamba ukiondoka wakati wowote kabla ya miezi 24 unalipa 3,600,000 yote, hata kama imebaki wiki moja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, katika kifungu cha 74, inasema kwamba pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyeumia anastahili fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho. Ina maana tarakimu iliyoandikwa ni kikomo, na inaweza kupingwa. Hata hivyo kupinga kunahitaji muda na wakili, na kijana aliyetoka kuacha kazi kwa kawaida hana vyote viwili. Ni rahisi zaidi kuomba mstari huo ubadilishwe kabla ya kusaini.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu anayeishi Gungu aliniletea mkataba wa kurasa tisa. Tuliusoma usiku, ukurasa kwa ukurasa, yeye akipigia mistari kwa kalamu ya bluu. Ukurasa wa nne ulisema muda wa kutumikia “utaanza baada ya mafunzo kukamilika kwa kiwango cha kuridhisha”. Nikamuuliza, nani ataridhika? Hakukuwa na jibu popote katika kurasa zile tisa. Mwajiri angeweza kumweka kwenye “mafunzo” mwaka mzima huku akifanya kazi za wateja kwa posho, na hesabu ya miezi 24 isianze. Alirudi ofisini akaomba iandikwe tarehe. Haikuwa vita, ofisa aliyempokea alikata maneno yale kwa mkono, akaandika tarehe, wote wawili wakatia saini pembeni. Kampuni hiyo siitaji, na sidhani ilikuwa na nia mbaya. Ninachojua ni kwamba mstari ule ungebaki kama ulivyo laiti asingeuliza.

Soma pia vizuri panapozungumzia kuondoka. Kuacha kazi kwa hiari, kufukuzwa kwa kosa, kupunguzwa kwa sababu kampuni imekosa wateja, na kuumwa ni mambo manne tofauti, na mkataba uyatenganishe. Kampuni ikikupunguza yenyewe, deni lifutwe. Hili lina uzito wa pekee kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 35, inawaacha nje ya kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki wale ambao hawajatimiza miezi sita kwa mwajiri wao, yaani kipindi kilekile ambacho deni lako bado ni zima. Sheria hiyohiyo inakataza kazi ya kulazimishwa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba utakamatwa na kurudishwa ofisini; kinachoweza kudaiwa ni fedha. Vyeti vyako halisi vya NECTA na vya chuo usivikabidhi vikae kabatini kwa mwajiri kama rehani. Waonyeshe, wape nakala, urudi navyo nyumbani.

Fanya hesabu ya mshahara mkononi kabla ya kukubali. Mshahara wa shilingi 400,000 unakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 40,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, unakatwa asilimia 15, yaani 60,000. Na kodi ya mapato, ambayo haigusi shilingi 270,000 za kwanza na kutoza asilimia 8 kwa kinachofuata katika mshahara wa kiwango hiki, huhesabiwa baada ya kutoa NSSF, kwa hiyo inachukua 7,200. Zinabaki 292,800. Kwa kijana anayelala kwao Isevya au Ujiji fedha hiyo inatosha kuanzia maisha. Kwa anayepanga chumba Dar es Salaam na kupanda daladala mara nne kwa siku, ni hesabu nyingine kabisa. Mkataba ukiongeza makato ya kurejesha gharama za mafunzo juu ya hayo, fahamu kwamba saini yako hapo ndiyo idhini ya maandishi ambayo sheria inaitaka kwa makato ya deni, kwa hiyo usiitoe bila kujua kiasi cha kila mwezi. Uliza pia kama mshahara utapanda ndani ya muda wa kutumikia, maana programa wa mwaka wa pili halingani na yule aliyeanza jana.

Kwa sisi wa huku magharibi liko jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawalifikirii. Sheria hiyo ya Ajira inataka maelezo ya ajira yataje mahali ulipoajiriwa kutoka, na kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe au akulipe nauli ya kurudi huko ajira ikikoma ukiwa mahali pengine. Kama ulifuatwa na kusailiwa Tabora au Kigoma, hakikisha imeandikwa hivyo. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na kurudi na begi, godoro na kompyuta si nauli ya kuokota njiani.

Suala la mdhamini lishughulikiwe na familia nzima. Mzazi anayetia saini kama mdhamini anaweza kudaiwa deni lote, na akiweka hati ya kiwanja, kiwanja hicho kimeingia kwenye mkataba wa kompyuta. Mweleze mama kwa lugha anayoielewa, mbele ya mtu mwingine anayejua kusoma mikataba, na kama mkataba uko kwa Kiingereza, omba ufafanuzi. Mwajiri anawajibika kisheria kuhakikisha mfanyakazi anaelezwa masharti ya ajira yake kwa namna anayoielewa. Angalia vilevile kama programu utakazoandika usiku nyumbani, kwa kompyuta yako, zinahesabiwa kuwa mali ya kampuni.

Ukisharidhika, saini nakala mbili, kila ukurasa, na ubaki na moja. Ipige picha zote umtumie ndugu mmoja. Weka ratiba za mafunzo na hati za mshahara za kila mwezi katika bahasha hiyohiyo, kwa sababu mgogoro ukitokea, malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60, na swali la kwanza utakaloulizwa pale ni mkataba wako uko wapi.