SOMO: Kuendesha baiskeli kwenye joto la kaskazi bila kuungua wala kuzimia

Wadau, tangu Desemba iingie swali ni lile lile: "Nikipiga pedeli juani kichwa kinagonga na naishiwa nguvu, nifanyeje?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliweka hapa lote. Kabla hujauliza, soma mpaka mwisho.

Somo ni la Dar es Salaam na mwambao, msimu wa kaskazi, yaani Desemba mpaka Machi. Wa Dodoma, Singida na Arusha chukueni yanayowafaa, kwa sababu hewa yenu ni kavu na mambo hubadilika.

Kwanza lieleweni hili, maana hatua zote zinatoka hapo. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Lita hiyo hiyo ikidondoka kwenye lami, umepoteza maji na chumvi na joto umebaki nalo. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji: ukiuweka penye upepo maji yanakuwa baridi, ukiufungia stoo hayapoi. Huku kwetu hewa imeshiba unyevu, jasho linakauka kwa taabu. Kazi yetu basi ni kuuachia upepo uiguse ngozi na kulizuia jua lisiiguse.

Hatua ya 1. Toka mapema. Saa 12 asubuhi uwe barabarani, saa 4 uwe umerudi. Ukiwa njiani huna saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limeshakuwa kali. Mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini kabisa hapa Dar, kwenye saa 6 na nusu mchana kivuli unakikanyaga. Wabeba mkaa wa baiskeli wanaoingia mjini alfajiri wanaijua hesabu hii kuliko sisi wenye jezi.

Hatua ya 2. Mavazi. Mikono mirefu, kitambaa chepesi, rangi isiyokoza. Fulana nzito ya pamba ikilowa inakugandia na upepo haupiti. Jezi ya mpira wa miguu ya mtumba kutoka soko la Karume inatosha kabisa. Ukishaishika, inyooshe kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya kirahisi, jua nalo litapenya. Kama una jezi ya mikono mifupi, vaa ile mikono ya kuchomeka wanayovaa bodaboda. Chini ya helmeti weka kitambaa chembamba kinachoshuka mpaka shingoni. Miwani ya jua isiwe pambo, iwe inayozuia miali.

Hatua ya 3. Losheni ya kuzuia jua. SPF 30 au zaidi, dakika 20 kabla ya kutoka, na unarudia kila baada ya saa 2 kwa sababu jasho linaiosha. Sehemu zinazosahaulika ni masikio, nyuma ya shingo, juu ya magoti na mgongo wa viganja. Juu ya nyusi paka kidogo sana, la sivyo itatiririka machoni uwe kipofu katikati ya malori. Mafuta ya nazi si kinga ya jua. Na weusi wa ngozi unasaidia, ila hauzuii kila kitu. Midomo inaweza kuungua na macho yanaumia hata kwa mweusi.

Hatua ya 4. Maji na chumvi. Usiku jaza chupa nusu, ilaze kwenye friza, asubuhi malizia kwa maji ya kawaida. Barafu itakaa muda mrefu. Safari ya saa moja, maji matupu yanatosha. Ikizidi hapo changanya hivi: maji lita 1, sukari vijiko 8 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, ndimu moja. Kunywa kidogo kidogo kila unapohisi kiu, usisubiri koo likauke na usijilazimishe galoni nzima. Kipimo kizuri ni mizani: jipime kabla na baada ya safari. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja uliyopoteza. Ukirudi na uzito *umeongezeka*, umekunywa kupita kiasi, na maji mengi bila chumvi yanaweza kukulaza hospitali vile vile.

Hatua ya 5. Panga kurudi. Hapa someni polepole.

Kaskazi inavuma kutoka upande wa kaskazini na kaskazini mashariki. Ukitoka Mwenge kwenda Bagamoyo upepo unakupiga usoni na ubavu wa kulia, unalalamika kwamba unakurudisha nyuma, lakini unakukausha jasho. Ukigeuza, unakuwa mgongoni. Sasa unakwenda kilomita 25 kwa saa na upepo unakwenda karibu hivyo hivyo, kwa hiyo ngozi yako inapata upepo kidogo sana. Mwendo unakuwa mtamu, miguu myepesi, na mwili unachemka ndani kwa ndani. Na saa hizo jua ndiyo limepanda. Tuliwahi kugeuza Bagamoyo saa 5 asubuhi, kundi zima, tumefurahi kusukumwa na upepo. Tulipofika Kerege mwenzetu mmoja alikuwa anauliza tunakwenda wapi, halafu anauliza tena. Mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi, kama mtu aliyetoka baharini usiku, na jua lile. Tukampa maji anywe na kumwambia ajikaze mpaka Bunju. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na alinusurika kwa sababu mama mmoja muuza samaki alimmwagia ndoo nzima ya maji ya barafu bila kutuuliza.

Kwa hiyo:
- Geuza mapema kuliko unavyotaka. Nguvu ulizobakiza si kipimo, kipimo ni saa na kivuli.
- Upepo ukiwa mgongoni, punguza mwendo hata kama miguu inataka.
- Lowesha kichwa, shingo na jezi *kabla* hujahisi joto. Maji ya kujimwagia yawe chupa ya pili, usichanganye na ya kunywa.
- Ukisimama ghafla joto linapanda, maana upepo umekatika. Simama kivulini, si kwenye foleni nyuma ya daladala.
- Usimwambie mtu anayechanganyikiwa ajikaze. Kamwe.

Hatua ya 6. Dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza: simama, kivuli, maji ya chumvi, safari imeisha. Kuchanganyikiwa, kupepesuka, kuhisi baridi juani, kuzimia: hiyo ni dharura, joto la ndani linaweza kuwa limevuka nyuzi 40. Mpoze kwanza, hapo hapo, kwa maji mengi ya baridi mwili mzima na kumpepea, huku mwingine anatafuta gari. Asiye na fahamu usimnyweshe kitu. Panadol haisaidii, hii si homa ya malaria.

Hatua ya 7. Zoea. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 za mazoezi mepesi kwenye joto. Ukitoka likizo kwenye baridi ya Njombe, anza upya.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Tabata: Mkuu, kwa kifupi ninywe maji kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 4.

Mdau wa Tabata: Nimeisoma lakini hujataja lita.

Jibu: Nimetaja mizani. Wewe na mimi hatutoki jasho sawa. Jipime, utapata lita zako.

Mdau wa Mbezi: Mimi naendesha saa 7 mchana tena kifua wazi, miaka yote, sijawahi kuumwa. Mnatishana tu.

Jibu: Kifua wazi unapata upepo, na unapata jua lote pia. Niliyemwona Kerege naye alikuwa hajawahi kuumwa. Siku moja mbaya inatosha, na mimi sitaki mtu wa hapa awe wa kwanza kufa.

Dada wa Tanga: Shikamoo. Mimi navaa hijabu na nguo ndefu nikiendesha. Kila mtu ananiambia nivue kidogo nipate hewa. Kuna njia nyingine?

Jibu: Marahaba dada. Wala usivue, kufunika ni kinga na watu wa jangwani wanajifunika. Tatizo ni kitambaa na kubana. Vitambaa viwili vizito chini ya helmeti ndivyo vinavyopika kichwa, kwa hiyo vaa kimoja tu, chembamba, cha jezi au cha kunyumbuka kinachokauka haraka, kisha helmeti yenye matundu mengi mbele. Kiloweshe kabla ya kutoka na kila ukisimama. Gauni au baibui iwe pana ili hewa izunguke, ila pindo ulifunge kwa klipu au mpira, na mnyororo uwe na kifuniko. Pindo likinaswa kwenye mnyororo utaanguka. Na Tanga mna upepo mzuri wa bahari, chagua njia zilizo wazi kuelekea Raskazone kuliko zile zilizozibwa na majengo.

Dada wa Tanga: Ahsante sana. Na Ramadhani je? Miaka hii inaangukia Februari na Machi, joto lenyewe hili.

Jibu: Swali zuri. Baada ya futari na tarawehe ndiyo salama zaidi, kama una taa na barabara unaiamini. La pili ni nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, mwendo wa kutembea, ili maji yawe karibu. Baada ya daku usifanye safari ndefu, maana utashinda siku nzima unadaiwa maji.

Mdau wa Dodoma: Huku jasho silioni kabisa. Ina maana sitoki jasho?

Jibu: Unatoka, tena sana. Linakauka kabla hujaliona, ndiyo faida ya hewa yenu. Hatari yenu ni kukaukiwa maji bila kujua. Tazama chumvi nyeupe kwenye mikanda ya helmeti na jezi, hiyo ndiyo iliyotoka. Na mbinu ya kuvisha chupa soksi iliyoloweshwa ili maji yapoe inafanya kazi kwenu vizuri sana, huku Dar haisaidii sana.

Mdau wa Kigamboni: Madafu si yanatosha badala ya hayo machumvi yako?

Jibu: Madafu ni mazuri, mimi mwenyewe nakunywa. Yana potasiamu nyingi ila sodiamu ni kidogo, na jasho linabeba sodiamu. Kunywa dafu lako na ule korosho za chumvi, mambo yamekwisha.

Mdau wa Moshi: Mimi nina ualbino, nataka kuanza baiskeli kwenda kazini. Watu wananikatisha tamaa. Kuna namna?

Jibu: Ipo. Safari ya kazini ni fupi na saa zake ni nzuri: toka kabla jua halijapanda, na jioni subiri kidogo lishuke. Funika kila kitu, pamoja na glovu za vidole vizima na soksi ndefu. Helmeti iongezee ukingo mpana mbele na kitambaa nyuma. Uko Moshi, na losheni ya Kilisun inatengenezwa hapo hapo mjini kwenu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Waulize kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, na uwe unakaguliwa ngozi huko mara kwa mara. Kidonda kisichopona usikivumilie. Kama macho yanasumbua kwa mwanga au kwa mbali, epuka barabara kuu, tafuta njia za mitaani hata kama ni ndefu. Andika tena ukianza, nitakuchorea njia kama utanitajia unapotoka na unapokwenda.

Mdau wa Ilala: Natumia dawa za presha, niweke hiyo chumvi?

Jibu: Usiweke mpaka umuulize daktari wako. Baadhi ya dawa za presha zinakukojoza na kukupunguzia maji, kwa hiyo mwambie wazi kwamba unaendesha juani. Na anayetumia antibiotiki ya doxycycline ajue inafanya ngozi iungue upesi.

Mdau wa Tegeta: Wale wa mashindano ya Ulaya wanaweka nini mgongoni, mbona kama nundu?

Jibu: Barafu kwenye soksi nyepesi ya nailoni, inawekwa nyuma ya shingo ndani ya jezi, inayeyuka polepole na maji yanashuka mgongoni. Unaweza kuifanya kwa soksi ndefu za kike na barafu ya kuuziwa mtaani. Funga fundo lisifunguke.

Mdau wa Tegeta: Nimejaribu leo Bunju, imekaa dakika 20 hivi. Je, matairi nayo yanapasuka kwa joto?

Jibu: Msukumo wa upepo ndani unaongezeka kidogo, tairi zima haliwezi kupasuka kwa hilo. Linalopasuka ni chakavu au lililojazwa kupita kiasi. Ila usiiache baiskeli juani saa 7 na tyubu yenye kiraka kipya, gundi inalegea.

Mdau wa Ubungo: Kichwa kinaniuma nikiendesha juani, nifanyeje?

Jibu: Rudi juu, anza Hatua ya 1.