Msimu wa gofu ya ridhaa kwa mchezaji wa Mtwara na Lindi anayetaka kuingia gofu ya kulipwa

Mchezaji wa gofu wa Dar es Salaam au Arusha hupanga msimu wake kalenda ya Chama cha Gofu Tanzania, TGU, ikishatoka. Wa Mtwara au Lindi akisubiri kalenda amechelewa. Yeye huanzia kwenye mnada wa korosho. Fedha ya kaya nyingi za huku huingia kati ya Oktoba na Desemba, na mashindano yatakayoamua kama unafaa kulipwa yatakuja mwaka unaofuata, mkoba ukiwa umeshakauka. Kwa hiyo fungu la gofu litengwe siku malipo yanapoingia, kabla ada za shule na bati la nyumba havijalimaliza. Kaa na wazee mapema, mjomba akiwemo, uwaonyeshe hesabu kwenye karatasi.

Kwa kila shindano hesabu hiyo ina mistari saba: nauli, malazi, chakula, kiingilio, ada ya raundi ya mazoezi, kedi (mbeba mkoba wako wa fimbo), na mipira. Mstari unaosahaulika ni wa malazi. Shindano la mashimo 54 likichezwa Ijumaa hadi Jumapili Dar es Salaam, unatoka Mtwara Jumatano alfajiri, Alhamisi unacheza raundi ya mazoezi, Jumatatu unarudi. Hizo ni usiku tano. Likiwa Moshi au Arusha unaondoka Jumanne na kulala Dar, na kurudi pia utalala njiani, hivyo zinakuwa saba. Kedi mhesabie siku nne, maana ya mazoezi nayo analipwa. Mipira chukua dazani moja ya aina moja. Ukibadilisha aina katikati ya msimu, umbali na namna mpira unavyosimama kwenye grini (majani mafupi yanayozunguka shimo) vinabadilika, nawe utadhani mkono wako ndio umeharibika.

Mashindano matano au sita yaliyolipiwa kikamilifu yanatosha kwa mwaka. Hayo yatakufundisha zaidi ya kumi uliyokwenda ukiwa na njaa na kulala stendi.

Shida ya pili ni kalenda ya shamba. Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na ndiyo miezi mikavu inayofaa zaidi kwa gofu. Usiikimbie kazi hiyo kimyakimya. Salfa huwa na mzunguko wake; kubaliana na nyumbani zamu zako ziangukie kati ya mashindano, au mlipie kibarua wa zamu moja na gharama hiyo uiandike kama mstari wa nane.

Shida ya tatu ni barabara. Mtwara hadi Dar ni takriban kilomita 560, na kutoka Lindi unapunguza kama 100. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Kibiti hadi Lindi, eneo la Somanga likiwemo, na magari yakakwama. Kwa shindano lolote la Machi hadi Mei, ondoka siku mbili kabla ya ratiba ya kawaida. Kanuni ya gofu haina huruma na basi: ukifika kwenye tii (mahali pa kuanzia shimo) umechelewa ndani ya dakika tano unaongezewa mikwaju miwili kwenye shimo la kwanza, zikipita tano umeondolewa shindanoni.

Kadi na handikapu

Hakuna mashindano bila handikapu, yaani namba inayopima uwezo wako na kupunguzwa kwenye mikwaju yako, na handikapu hutolewa kupitia klabu. Jiunge na klabu iliyo chini ya TGU (mabinti wana chama chao pia, TLGU), na uulize kama ina uanachama nafuu kwa anayekaa mbali. Tangu 2020 unatumika mfumo mmoja wa dunia. Unaanza kwa kadi za mashimo 54, yaani raundi tatu za 18 au sita za 9, kila moja ikisainiwa na mwenzako aliyekuandikia. Safari moja ya siku nne Dar inakumalizia jambo hili, kwa hiyo ifanye Januari au Februari.

Hesabu ya kila kadi: mikwaju yako, toa kipimo cha ugumu wa kiwanja, zidisha kwa 113, gawanya kwa namba ya mteremko. Vipimo vyote viwili vimeandikwa kwenye kadi kwa kila rangi ya tii. Mfano: umepiga 79, kiwanja kina 71.8 na mteremko 128. Unapata 7.2 mara 113 gawa kwa 128, sawa na 6.4. Ukishafikisha kadi 20, handikapu yako ni wastani wa zile 8 bora.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Handikapu inachukua siku zako 8 nzuri na kuzitupa 12. Kwenye kulipwa hakuna siku inayotupwa. Tunza daftari la pili, mbali na kadi za handikapu, lenye raundi zote za mashindano, mbaya na nzuri, kwa mikwaju halisi bila kupunguza handikapu. Daftari hilo tutalirudia mwishoni, kwa sababu ndilo litakalokuambia ukweli.

Kila kadi ya daftari iwe na namba tano: feawei (njia ya majani yaliyokatwa kati ya tii na grini) ulizopata, grini ulizofika kwa mikwaju inayotakiwa, idadi ya puti (mikwaju ya kuviringisha mpira kwenye grini), mara ngapi umeokoa pa (idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa shimo) baada ya kukosa grini, na mikwaju ya adhabu. Baada ya raundi sita utaona mikwaju inavujia wapi. Kwa vijana wengi wenye nguvu haivujii kwenye draiva, fimbo ndefu ya kuanzia, wanayoipiga kutwa. Inavujia ndani ya mita 100 na kwenye puti za mita moja na nusu.

Kulinda ridhaa

Kanuni za hadhi ya ridhaa zilibadilishwa Januari 2022, na bado watu wanafuata za zamani. Sasa unaweza kudhaminiwa, kuvaa jina la mdhamini na kulipiwa gharama. Chama cha ushirika, duka la pembejeo au tajiri wa mjini anaweza kukulipia nauli bila kukuharibia chochote. Kinachokuondoa kwenye ridhaa ni kupokea zawadi inayozidi pauni 700 au dola 1,000, kucheza shindano kama mchezaji wa kulipwa, kujiunga na chama cha wachezaji wa kulipwa, au kufundisha gofu kwa malipo nje ya zile nafasi chache zinazoruhusiwa. Zawadi ya fedha taslimu unaruhusiwa hadi kiwango hicho kwenye shindano la mikwaju halisi tu. Kwenye shindano la handikapu fedha taslimu hairuhusiwi hata kidogo, ila vitu na vocha za thamani hiyo. Kubeba mkoba kama kedi na kulipwa hakugusi ridhaa yako, na ni njia nzuri ya kujifunza kiwanja huku ukipunguza gharama.

Ukiona zawadi kubwa mezani, uliza kamati thamani yake kwa shilingi kabla ya kuipokea. Baada ya kuipokea hakuna mjadala.

Mazoezi nyumbani

Wavu wa kupigia tengeneza kwa wavu wa zamani wa uvuvi. Mpira wa gofu una kipenyo kisichopungua milimita 42.67, hivyo tundu la wavu lisizidi milimita 25, maana nyuzi hutanuka mpira unapogonga. Ukunje mara mbili, utundike kwenye nguzo za urefu wa mita 3, uulegeze ili umeze nguvu. Wavu uliokazwa unakurudishia mpira usoni. Simama mita 3 kutoka kwenye wavu, na nyuma ya wavu kusiwe na ukuta wala njia ya watu. Chini weka zulia gumu la makumbi ya nazi juu ya mchanga uliosawazishwa. Usipigie juu ya saruji. Kiwiko na kifundo cha mkono vitalipa.

Kwa puti, chagua eneo la mita 6 kwa 3. Mwaga udongo wa kichuguu uliopondwa, unyweshe, ushindilie, ukikauka chekecha juu yake mchanga laini na ufagie. Chimba shimo la kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 102. Hapo puti zitakwenda taratibu kuliko kwenye grini nzuri, lakini mstari utajifunza. Kila jioni ingiza 50 mfululizo za mita moja. Ukikosa ya 49, anza upya.

Bunka, yaani shimo la mchanga la kiwanjani, unalo bure ufukweni. Maji yakipwa, tafuta mchanga mkavu wa juu kwa mazoezi ya mchanga mlaini, kisha shuka kwenye mchanga wenye unyevu uliokazana. Kwenye mlaini fungua uso wa weji (fimbo ya kuinua mpira kwa umbali mfupi) na uingie mchangani kama sentimita 5 nyuma ya mpira. Kwenye mgumu usifungue sana, maana sehemu ya chini ya fimbo itadunda na mpira utaruka juu ya grini. Angalia siku za bamvua, usijikute umezungukwa na maji. Upepo wa kusi nao utumie: mpira urudishe kidogo kuelekea mguu wa kulia (kwa mtu wa mkono wa kulia), chukua fimbo inayopiga mbali zaidi kwa namba mbili, piga robo tatu ya nguvu. Anayepiga kwa nguvu zaidi dhidi ya upepo huupandisha mpira juu, na upepo unaurudisha.

Hewa ya chumvi inakula vyuma. Baada ya kila zoezi futa fimbo kwa kitambaa kikavu, safisha mifereji ya uso kwa mswaki, pitisha tone la mafuta kwenye mipini ya chuma.

Kutoka pwani kwenda bara

Hapa ndipo mchezaji wa kusini anapopoteza mashindano mengi, na si kwa kukosa uwezo. Umbali wote aliouzoea ni wa usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu. Hewa ni nyepesi na mpira unakwenda takriban asilimia 5 zaidi. Ayani 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) ya mita 150 inakuwa ya mita 157 au 158, kutosha kuuvusha nyuma ya grini. Mufindi, kwenye nyanda za chai, ni juu zaidi na ongezeko linakaribia asilimia 7. Siku ya raundi ya mazoezi piga mipira mitano kwa kila fimbo kuanzia ayani 9 hadi 5, pima, andika namba mpya kwenye kipande cha karatasi, na uiamini karatasi hiyo kuliko macho. Hakikisha pia kama vibao vya kiwanja ni vya yadi au mita: yadi 150 ni mita 137.

Majani nayo hubadilika. Kwenye joto la pwani utakutana zaidi na ukoka. Grini za ukoka zina mlalo: ukitazama zikang'aa, majani yamelala kuelekea mbele na puti itakimbia, zikionekana nyeusi, yanakuja upande wako na utapiga fupi. Chungulia pia mdomo wa shimo. Upande uliochakaa ndiko majani yanakoelekea. Nyanda za juu utakutana na majani ya kikuyu, mazito na yenye kamba. Kwenye rafu (majani marefu ya pembeni) yanaishika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, na mpira unakwenda kushoto. Kaza vidole vya mkono wa kushoto, chukua weji au ayani 8, rudi kwenye feawei, sahau ushujaa.

Siku ya shindano

Hesabu fimbo kabla ya kuondoka kwenye tii, mwisho 14. Ya kumi na tano ni mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, mwisho minne kwa raundi. Weka alama yako kwenye kila mpira. Unapohofia mpira umepotea, tamka wazi "napiga wa akiba" kabla ya kupiga wa pili. Usipotamka, huo wa pili ndio mpira wako na adhabu imeshaingia. Muda wa kutafuta ni dakika tatu. Mwishoni kagua kadi shimo kwa shimo: ukisaini namba pungufu kwenye shimo lolote umeondolewa, ukisaini iliyozidi itabaki hivyo.

Lini kuhama

Fungua lile daftari la pili. Chukua raundi 20 za mwisho za mashindano kutoka tii za nyuma, kila moja toa kipimo cha kiwanja, tafuta wastani wa zote 20. Kipimo chetu: wastani usizidi mkwaju 1 juu, na raundi tano mbaya kuliko zote zisizidi 5 juu. Ukiwa kwenye 3 au 4 juu, baki ridhaa mwaka mwingine. Mashindano ya kulipwa ya mashimo 72 kwa kawaida hukata wachezaji baada ya 36, na aliyekatwa hurudi bila kitu, nauli ni yake.

Kabla ya kuhama, omba nafasi ya kucheza ukiwa ridhaa ndani ya shindano la kulipwa, kama Tanzania Open, na kuingia mchujo wa Sunshine Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa wa Afrika Kusini, kwa hadhi hiyohiyo. Mapato yanayozidi kiwango unayakataa, lakini namba zako zinasimama kando ya zao kwenye ubao. Zikikaribiana mara mbili au tatu, andikia TGU barua ya kuhama, na uifanye baada ya Desemba, fungu la mwaka mzima likiwa limeshatengwa kutoka mnadani. Ukitaka kurudi ridhaa baadaye itabidi uombe upya na kusubiri, na katika kusubiri huko mashindano ya ridhaa hayatakuhesabu.