Nyumba ya mtelemkoni: kazi za kufanya kabla udongo haujashiba maji

Tangu tope la Mlima Kawetere liporomoke pale Itezi tarehe 14 Aprili 2024, likafukia nyumba na kuvamia majengo ya shule, hapa Mbeya mvua kubwa ikianza usiku watu wengi hawalali. Mimi ni fundi mwashi, na misingi mingi niliyojenga ipo kwenye mitelemko ya jiji hili. Simu za Aprili zinafanana: "Fundi, shikamoo, maji yanaingia chumba cha watoto, nifanyeje?" Kwa saa hiyo jibu langu ni moja: toka na watoto sasa hivi, nyumba tutaiona kukicha. Swali hilohilo likiulizwa Septemba lina majibu mengi, na mengi yanahitaji jembe, sururu na mawe tu. Hofu mnayoikesha Aprili ni ya haki kabisa. Ninachoomba ni kwamba ianze kiangazi, wakati mikono bado ina la kufanya.

Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Udongo wetu mwingi una majivu ya volkano za zamani za Rungwe na Poroto. Ni mwepesi na unanyonya maji sana. Mvua za mwanzo unazinywa. Ukifika Machi umeshiba, na kila tone linaloongezeka linakuwa mzigo ndani ya mlima na kulegeza mshikamano wa udongo. Ndiyo maana mvua ya Desemba inaweza kupita salama, na yenye kipimo kilekile ikaja Aprili ikashusha kilima. Hata hivyo kalenda peke yake haitoshi. Tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80. Hesabu maji, usihesabu miezi tu.

Kopo la mvua

Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vya upana mmoja. Lifunge juu ya mti wa fensi, mahali peupe, mbali na miti na upenu wa bati. Kila siku saa tatu asubuhi chovya rula, soma milimita, andika kwenye daftari, mwaga. Saa tatu ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa navyo husoma mvua, kwa hiyo namba yako inalingana na zao. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la nyumba yenye mita za mraba 80 likipata milimita 50 linamwaga lita 4,000, yaani matangi manne ya lita elfu moja, na kama huna gata maji yote hayo yanapiga miguu ya msingi wako. Nikimwonyesha mteja hesabu hii, haniulizi tena kwa nini nimeweka gata kwenye makadirio.

Daftari lina faida nyingine. Mkipata mvua siku nne mfululizo, hata kama hakuna siku iliyofika 50, jumlisha. Jumla ikiwa kubwa na mlima bado unavuja kila mahali, usisubiri mvua ya kutisha. Ndogo tu inaweza kumaliza kazi.

Mfereji wa juu ya nyumba

Hapa ndipo nakaa muda mrefu na kila mwenye nyumba. Wengi wetu hukata mlima ili kupata uwanja wa kujenga, tukabaki na ukingo uliosimama wima nyuma ya jiko. Maji yanayotiririka toka juu yakifika kwenye ukingo huo yanaingia ndani yake na kuubomoa. Yazuie kabla hayajafika.

Panda juu ya ukingo, rudi nyuma angalau mita tatu, kisha chimba mfereji unaokatiza mtelemko kutoka pembe moja ya kiwanja hadi nyingine. Upana sentimeta 60 na kina 50 vinatosha nyumba nyingi. Usiuchimbe bapa, maji yatatuama na kuzama mlimani, na hapo umeongeza hatari. Wala usiuinamishe sana, maji yatakula sakafu yake. Mimi nashusha sentimeta moja hivi kwa kila mita, na napima kwa mpira wa maji, yaani bomba laini la kulinganishia usawa, si kwa macho. Mlimani macho yanadanganya. Udongo unaotoka utupe upande wa chini na uushindilie. Mahali mfereji unapopinda na unapoishia, panga mawe.

Unaishia wapi? Swali hili ndilo linalogombanisha majirani. Sikubali kuchimba mfereji unaomwagia mtu mwingine uani, hata nikilipwa vizuri. Kabla ya sururu kugusa ardhi naenda na mwenye kiwanja hadi kwa jirani wa chini, na tunamwita mwenyekiti wa mtaa. "Mama, shikamoo. Tumekuja kuomba njia ya maji." Mama mmoja alitujibu, "Marahaba, wanangu. Njia nitawapa, lakini mawe mtaleta ninyi." Tukakubaliana, na leo mfereji unapita nyumba tano hadi korongoni, kila nyumba inazoa taka kwenye kipande chake. Mfereji wa nyumba moja hauna maana kama aliye juu yako anakuachia maji yake yote. Korongo nalo lisigeuzwe jalala: mifuko na chupa vikiziba kalavati, barabara inageuka mto.

Ukuta wa kuzuia udongo ni kazi ya gharama, na nimeona mingi ikianguka kwa sababu moja. Haina matundu. Maji yanajikusanya nyuma, yanasukuma, na hakuna tofali la kuyashinda. Weka vipande vya bomba la inchi mbili kupenya ukuta kila mita moja na nusu hivi, safu ya chini ikiwa karibu na ardhi, na nyuma yake jaza kokoto badala ya udongo mtupu. Fundi akikwambia matundu yanaharibu sura ya ukuta, tafuta mwingine.

Migomba naipenda kama mtu yeyote wa huku, lakini mizizi yake ni mifupi na haishiki mlima. Iache kwenye tambarare. Kwenye ukingo panda majani ya vetiva au matete kwa mistari inayokatiza mtelemko. Shimo la choo na la maji machafu lisikae juu ya nyumba, maana unalowesha mlima mwaka mzima hata jua likiwaka. Na kama unajenga upya kwa matofali ya kuchoma, msingi uwe wa mawe na saruji. Msingi uliounganishwa kwa udongo unalainika ukikaa kwenye maji.

Wenzetu wa Kyela shida yenu ni nyingine. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kwenu kutoka Rungwe, kwa hiyo mvua ya Tukuyu inaweza kuwafurisha huku kwenu kukiwa na nyota. Mwenye ndugu Tukuyu awe na namba yake, na apige jioni kuuliza. Nafaka na magodoro vikae juu ya dari au kichanja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Aliyejenga ndani ya hapo asipange kulala humo mvua ikikolea.

Lini utoke

Jumbe za kutisha zinazosambazwa kwenye simu bila tarehe wala jina la mkoa zinawachosha watu, halafu tahadhari ya kweli ikija hawasikii. Sikiliza TMA kwa redio au kurasa zao. Rangi ya njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ikitoka ya chungwa kwa Mbeya na daftari lako linaonyesha wiki nzima ya mvua, bibi, mgonjwa na watoto wadogo wakalale kwa ndugu mahali tambarare kabla ya giza.

Mlima nao una dalili zake. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unaanza kukwama. Nguzo au mti umeinama. Chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, au ya zamani imekuwa tope. Kijito kinapungua ghafla na huku mvua inaendelea: hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana huko juu kimezibwa, na kitakapozibuka kitakuja na kila kitu. Ukiona hayo, toka kwa kwenda pembeni, nje ya njia ya tope. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini. Zima swichi kuu ya umeme kama unaifikia bila kukanyaga maji. Gonga mlango wa jirani, kisha piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya polisi.

Mfuko wa kutoka nao ukae tayari karibu na mlango tangu Novemba: kitambulisho, hati ya kiwanja na vyeti ndani ya nailoni, dawa za presha au za kila siku, tochi, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Njiani usivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimeta 15 zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kubeba gari dogo, sembuse bodaboda.

Mvua ikikatika usirudi kulala usiku huohuo, mlima bado una maji. Rudi mchana, zunguka nyumba, panda hadi juu ya mfereji. Maji ya kisima chemsha mpaka yatokote, kipindupindu hupenda wakati huu. Ukikuta ufa ardhini, chomeka vigingi viwili, kimoja kila upande, pima nafasi kati yake kwa futikamba na uandike kwenye lile daftari la mvua. Jaza ufa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji yasiingie, na umwite mtendaji auone kwa macho yake. Pima tena asubuhi na jioni. Nafasi ikiongezeka, hata kwa upana wa kidole, hameni mchana huohuo na muwaambie walio chini yenu wahame pia.