Kompyuta ya Giaboksi Inapoharibika: Pima Kabla ya Kununua Nyingine

Gari la otomatiki linapong'ang'ania gia moja, mara nyingi ya pili au ya tatu, huku taa ya injini ikiwaka, huenda kompyuta inayoongoza giaboksi ina hitilafu. Hata hivyo, usikubali ibadilishwe kabla ya kupimwa. Unganisha mashine ya kusoma hitilafu: msimbo P0700 unaeleza tu kwamba kompyuta hiyo imeripoti tatizo, hivyo tafuta misimbo mingine inayoandamana nao, ilhali U0101 unaonyesha kwamba mawasiliano nayo yamekatika.

Kisha pima betri, ambayo ikiwa imejaa na injini imezimwa husoma takriban volti 12.6, na ukague fyuzi pamoja na waya unaounganisha betri na bodi ya gari. Hapa Mombasa soketi za waya zinazoingia kwenye kompyuta hiyo ndizo zinazostahili muda wako mwingi, kwa kuwa hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari huzitia pini kutu ya kijani, na gari lililowahi kuingia katika maji ya mafuriko huathirika zaidi. Fungua waya hasi wa betri, chomoa soketi, zisafishe kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme, ziache zikauke kabisa, kisha rudisha kila kitu, futa misimbo na uliendeshe gari.

Misimbo ikirudi na waya zikiwa nzima, tafuta kompyuta yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani, maana kufanana kwa umbo hakutoshi. Nyingi huhitaji kuwekewa programu ya gari husika; kwa hiyo patana na fundi bei ya kazi hiyo kabla ya kulipia kipuri.